Uzi maalum: wazee waliotunga muziki wa okestra kwenye muvi, tunawasikia miaka yote ila majina yao hatuyajui

Fidla Kuukuu
Wakuu salaam. Kila siku watu wanajadili muvi, nani kaigiza vizuri, dairekta gani mkali, ngumi zilikuwa za kweli au za kompyuta, ila yule mtu aliyejifungia chumbani na penseli na karatasi akatoka na saa nzima ya muziki wa okestra hatajwi kabisa, na jina lake likianza kupita pale mwishoni sisi tushabonyeza tunatafuta muvi nyingine. Leo tuwaongelee hao. Na tuelewane mapema, siongelei nyimbo za wasanii zinazochomekwa kwenye muvi, naongelea ule muziki usio na maneno unaopita chini kwa chini wakati watu wanaongea, wanakimbizana au wameduwaa tu.

Hoja yangu ni moja na nitaitetea mpaka uzi ufungwe: muziki mkali wa muvi siyo lazima uwe ule unaoupiga mluzi ukienda kuoga, ni ule unaokwambia jambo ambalo picha yenyewe imenyamaza.

Mfano wangu ni Psycho ya 1960, muziki wa Bernard Herrmann. Kuna kipande kirefu dada mmoja kaiba hela ofisini kwao anatoroka na gari. Kizime sauti ukitazame. Unaona nini? Mtu kashika usukani, taa za magari, mvua, basi, angeweza kuwa anaenda kumsalimia shangazi yake. Sasa rudisha sauti, zile fidla zinakwaruza haraka haraka kwa kurudiarudia halafu haziendi popote, hazitulii, na tumbo linaanza kukukaza wakati muuaji hajatokea, kisu hakijaonekana, nyumba yenyewe ya kule kilimani bado hujaijua! Picha inaonyesha safari, muziki ndo unakwambia hii safari haina kurudi. Na kilichonimaliza ni kwamba mzee katumia ala za nyuzi peke yake, fidla, viola, chelo na besi zile kubwa, hamna tarumbeta hata moja, hamna ngoma. Ile sauti ya bafuni mnayodhani ni mashine au ndege analia, ni fidla zinavutwa juu kabisa. Dairekta Hitchcock mwenyewe alitaka bafuni pasiwe na muziki wowote, Herrmann akatunga hivyo hivyo, Hitchcock kusikia tu akabadili msimamo.

Halafu sasa sikia maajabu. Psycho haikupata hata uteuzi wa Oscar kwenye muziki. Vertigo ya 1958, hamna. North by Northwest ya 1959, hamna. Oscar pekee aliyowahi kubeba ilitokana na The Devil and Daniel Webster ya 1941, ambayo leo ukiitaja watu wanakuangalia tu, na kwenye kinyang'anyiro hicho hicho aliibwaga Citizen Kane ambayo muziki wake ni wa nani? Wa kwake huyo huyo.

Karibuni, leteni wa kwenu.

Kiti cha Nyuma
Nakaa hapa, mtu asinisukume.

Mzee wa Tarumbeta
Mkuu umeanzia katikati ya kitabu. Huwezi kufungua uzi kama huu bila kumtaja Max Steiner, hiyo ni sawa na kusimulia ukoo ukamruka babu.

Steiner ni mzaliwa wa Vienna, 1888, kaingia Marekani 1914, kapiga kazi kwenye majukwaa ya New York mpaka sauti ilipoingia kwenye sinema. Kumbuka enzi hizo, mwanzoni mwa miaka ya 30, wenye studio walikuwa na wasiwasi kwamba mtazamaji akisikia okestra atajiuliza hawa wapigaji wako wapi mbona hawaonekani, kwa hiyo muvi nyingi ziliweka muziki mwanzoni na mwishoni, katikati kimya. Ikaja King Kong 1933. Mabosi walitaka kuokoa hela, wakamwambia okoteza muziki wa zamani uliopo stoo ubandike, prodyuza Merian Cooper akamwambia tunga mpya, gharama nitabeba mimi. Jamaa akashusha okestra nzima kwa ajili ya sokwe! Na ndo ukawa msingi wenyewe, maana lile lilikuwa lisanamu la manyoya linasogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera, sasa mtu alilie lisanamu? Watu wakalia. Kilichowaliza ni muziki.

Mwenye uzi, hiyo hoja yako ya Psycho, Steiner aliithibitisha miaka 27 kabla.

Fidla Kuukuu
Mzee nakuheshimu lakini Steiner alikuwa na ugonjwa mmoja, mtu akipanda ngazi muziki unapanda, akishuka unashuka, akijikwaa tarumbeta linajikwaa nae. Hapo muziki unarudia kilichoonekana, hauongezi kitu. Kwenye King Kong nampa heshima zote, kwingine ananichosha.

Mzee wa Tarumbeta
Ugonjwa huo ndo uliofundisha wengine wote cha kukwepa, kwa hiyo bado unamdai shukrani. Halafu Casablanca umeisikiliza vizuri? 1942. Ule wimbo wa As Time Goes By haukuwa wa Steiner, ulikuwepo tayari, na yeye hakuutaka kabisa, alitaka utolewe atunge wa kwake. Ikashindikana kwa sababu Ingrid Bergman alishakata nywele kwa ajili ya muvi nyingine na vipande vile visingeweza kupigwa upya. Basi mzee afanyeje, akauchukua ule wimbo asioupenda akaufumua akausuka kila kona ya muvi, mara fidla zinaugusa kidogo, mara unakuja umepinda kwa uchungu, mwanamke hajasema neno ila wewe ushajua bado anampenda yule bwana. Picha imenyamaza, muziki umesema. Si ndo unachokitaka?

Fidla Kuukuu
Hiyo nimeikubali.

Binti Zumari
Jamani mimi ni wa John Williams na sioni aibu. Watu wanamdharau eti anatunga vitu vya watoto.

Jaws, 1975. Kila mtu anajua zile nota mbili, du-dum, du-dum, na dairekta Spielberg alipopigiwa kwenye piano mara ya kwanza alicheka akidhani anataniwa. Ila wachache wamegundua huu ujanja: zile nota ni za papa, na papa tu. Kuna sehemu watoto wawili wanatisha watu ufukweni kwa pezi la bandia, watu wanakimbia wanakanyagana, na muziki hamna. Hamna kabisa! Yaani Williams anakwambia waziwazi huyu siyo papa, we hujashtuka. Ukishazoea kwamba papa akija lazima muziki utangulie, ukajiona umejihami, mbele kule yule askari anamwaga vyambo baharini anaongea zake, papa anaibuka domo wazi bila nota hata moja. Mimi niliruka. Kakufundisha kanuni ili aje aivunje ukiwa umeiamini, na yote hiyo kwa nota mbili.

Popo wa Usiku
Dada umenifanya nirudie Jaws usiku huu, asubuhi nina kazi.

Binti Zumari
Pole. Ukimaliza weka E.T. ya 1982, zile dakika za mwisho watoto wanakimbia na baiskeli mpaka chombo kinaondoka. Williams alikuwa anahangaika kurekodi huku akifukuzana na picha, kila tukio lina sekunde yake, okestra inakuwa kama imefungwa kamba. Spielberg akamwambia zima picha, piga muziki unavyousikia wewe, mimi nitaenda kukata muvi ifuate muziki. Ndo maana pale mwisho unahisi kama okestra inapumua. Mnajua madairekta wangapi wangekubali hilo?

Kiti cha Nyuma
Samahani naomba kuuliza kishamba. Hao wapigaji wanajuaje kwamba sasa mlango unafunguliwa, sasa mtu anaanguka? Wanaangalia muvi huku wanapiga?

Mzee wa Tarumbeta
Siyo ushamba, ni swali la maana sana.

Kondakta ndo anaangalia, wapigaji wanaangalia karatasi zao na kondakta. Kule studio kuna skrini kubwa nyuma yao. Zamani mbinu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kliki, muvi inakwenda fremu 24 kwa sekunde, sasa wakitoboa tundu pembeni ya ukanda wa filamu kila baada ya fremu 12 wanapata mdundo kila nusu sekunde, yaani 120 kwa dakika, kondakta na wapigaji wanausikia kwenye hedifoni na mtunzi ashapiga hesabu kwamba mlango unafunguliwa mdundo wa 37. Ya pili ni kuchora mstari kwenye ukanda wenyewe, ukipita kwenye skrini unauona unatembea kutoka kushoto kwenda kulia, ukifika mwisho kuna mwanga unawaka, hapo ndo mahali pa kugonga. Alfred Newman ndo mtu wa hii ya pili, mzee wa Oscar tisa, na ule mlio wa matarumbeta unaofungua muvi za 20th Century Fox (siku hizi 20th Century Studios) ni wake, kautunga 1933.

Kliki inakupa uhakika ila muziki unakuwa na miguu ya mbao. Mstari unamwachia kondakta apunguze na kuongeza mwendo kadiri anavyohisi. Sikiliza nyuzi za Newman zinavyolia utanielewa.

Popo wa Usiku
Sasa nije na mimi niharibu sherehe. Mwenye uzi kasema muziki mkali siyo lazima upigike mluzi. Ennio Morricone aseme nini? Jamaa katuletea mluzi WENYEWE. A Fistful of Dollars 1964 bajeti ilikuwa ya kubana, basi kachukua mtu anapiga mluzi, Alessandro Alessandroni, kaweka gitaa la umeme, mjeledi, kengele, na dunia nzima mpaka leo ukipiga mluzi ule mtu anaweka mkono kiunoni kama ana bastola. Yeye na dairekta Sergio Leone walisoma shule ya msingi darasa moja, wakaja kukutana ukubwani. Na Once Upon a Time in the West ya 1968 muziki ulitungwa na kurekodiwa KABLA ya kupiga picha, Leone akawa anaucheza pale pale waigizaji wanapoigiza, watembee kwa mwendo wake. Kwa hiyo hapo ni picha inaufuata muziki. Hoja yako inasimamaje?

Fidla Kuukuu
Inasimama vizuri kuliko popote. Ile harmonika. Jamaa hana jina, haongei, akitokea tu inalia ile harmonika ya kuumiza masikio, na muvi nzima picha haikwambii huyu mtu anataka nini. Muziki unajua. Unaficha na huku unakuonyesha, saa mbili na ushee, mpaka pale mwisho ambapo sitasema kinachotokea kwa sababu Kiti cha Nyuma hajaiona.

Kiti cha Nyuma
Sijaiona kweli, asante.

Popo wa Usiku
Sawa umechomoka. Ila muziki wa Morricone nikiusikiliza peke yake bila muvi bado unanitoa machozi, Herrmann nikimsikiliza peke yake nafunga milango. Kila mtu na dawa yake. Na The Mission ya 1986, ile obo ya padri msituni, kunyimwa Oscar ile kamati ilale na dhambi yake. Wakaja kumpa ya heshima 2007, kisha ya ushindani wa kweli 2016 kwa The Hateful Eight, mzee ana miaka 87.

Sinthi na Umeme
Wazee mnasifia wa zamani tu. Hans Zimmer mbona hamumtaji? Au kwa kuwa anatumia kompyuta? Interstellar ya 2014 ile ni okestra na ni kinanda cha kanisa la Temple kule London, kinanda chenyewe cha mabomba, siyo cha plagi. Na dairekta Nolan alimpa karatasi moja tu inayohusu baba na mwanae, hakumwambia kama ni muvi ya anga za juu, jamaa akatunga kitu kidogo cha kifamilia, ndo ukawa moyo wa muvi nzima. Hiyo nayo si inasema ambacho picha haisemi? Picha inaonyesha sayari, muziki unamlilia mtoto.

Fidla Kuukuu
Hiyo uliyoleta ni nzuri kuliko zote za upande wako na sina ubishi nayo. Tatizo langu siyo Zimmer, ni wale wanaomuiga Zimmer. Wamechukua ule mngurumo wa matarumbeta wa Inception, bwaaam, wakauweka kila tangazo la muvi miaka kumi mfululizo, wakati kule kwenye Inception yenyewe una sababu, unahusiana na ule wimbo wa Edith Piaf unaopigwa kuamsha watu usingizini, umepunguzwa mwendo, kwa sababu kwenye ndoto muda unarefuka. Waigaji wamebeba mngurumo wakaiacha sababu.

Binti Zumari
Na hapo ndo tumfikie adui mkubwa, muziki wa muda. Mhariri akiwa anakata muvi anaweka muziki wa muvi nyingine ili dairekta asichoke kutazama kimya, wanautazama hivyo wiki nyingi, masikio yanazoea, mtunzi akija anaambiwa tunga kitu kama hiki hiki ila tusishtakiwe. Ndo maana mnasikia muvi tano zinafanana.

Mwathirika namba moja ni Alex North. 1968, 2001: A Space Odyssey. Dairekta Kubrick alikuwa anakata muvi kwa kutumia muziki wa Richard Strauss, Johann Strauss na Ligeti. North kaitwa, katunga, karekodi, kaenda kwenye onyesho la kwanza amevaa vizuri, kakaa kwenye kiti, muvi inaanza... hamna nota yake hata moja. Kubrick alibaki na ule wa muda. Hakuna aliyemwambia. Mtunzi mwenzake Jerry Goldsmith, aliyekuwa rafiki yake, ndo akaja kuurekodi ule muziki 1993 ili watu wausikie, North mwenyewe alishafariki.

Sinthi na Umeme
Duh, huo ni ukatili. Ila tuseme kweli, ungetoa ule waltzi kwenye ile meli ya anga ukaweka kitu kingine, ingekuwa ile ile?

Binti Zumari
Isingekuwa. Kubrick alikuwa sahihi na alikuwa katili, vyote viwili.

Mzee wa Tarumbeta
Tukiwa kwenye dhuluma, The Godfather. Nino Rota aliteuliwa Oscar kwa ile ya 1972, kisha uteuzi ukafutwa baada ya kubainika ile melodi ya mapenzi alishaitumia kwenye Fortunella, muvi ya vichekesho ya Italia ya 1958. Ya vichekesho! Melodi ile ile, kule inachekesha kwa mwendo wa haraka, huku unataka kuoa na kuua siku moja. Part Two ya 1974 ina melodi hiyo hiyo ndani yake, wakampa Oscar. Nani anielezee mantiki.

Popo wa Usiku
Mantiki ni Oscar. Endelea.

Mzee wa Tarumbeta
Na mkumbuke wengi wa hawa hawakwenda Hollywood kutafuta umaarufu, walikuwa wanakimbia. Franz Waxman alipigwa na wahuni wa Kinazi barabarani Berlin 1934, akaondoka, mwaka mmoja baadae kashatunga Bride of Frankenstein. Korngold alikuwa mtoto wa ajabu pale Vienna, opera zake zinapigwa kabla hajaota ndevu, mwanzoni mwa 1938 yupo Hollywood anatunga The Adventures of Robin Hood, mwezi Machi Hitler akaimeza Austria. Alikuwa Myahudi. Alikuwa akisema ile muvi ndo ilimwokoa maisha, na siyo kwa lugha ya picha. Halafu sikiliza Kings Row yake ya 1942, zile sekunde za mwanzo tu, kisha weka Star Wars ya 1977, uje hapa tuongee.

Binti Zumari
Nilijua utaleta hiyo. Ndiyo zinafanana, na kuna pahali utamsikia mtunzi Holst pia na ile Mars yake. Williams aliombwa makusudi arudishe sauti ya enzi za Korngold, kipindi ambacho muvi nyingi zilikuwa zimehamia kwenye pop na jazi na okestra kubwa ilionekana ya kizee. Akaenda London na London Symphony Orchestra akairudisha. Ukimfuata Williams ukafika kwa Korngold umefaidi mara mbili, kesi iko wapi?

Kiti cha Nyuma
Hivi nje ya Wazungu hamna? Naona Vienna na Hollywood tu.

Fidla Kuukuu
Wapo na ni moto. Akira Ifukube wa Japani, Godzilla ya 1954. Siyo muziki tu, hata ule mlio wa dude lenyewe alichangia, walichukua besi ile kubwa ya nyuzi, wakalegeza uzi, wakausugua na glovu ya ngozi, kisha wakapunguza mwendo wa rekodi. Yaani mtunzi katengeneza koo la mnyama kwa ala ya okestra. Fumio Hayasaka kafanya Seven Samurai mwaka huo huo. Toru Takemitsu kafanya Ran ya dairekta Kurosawa, 1985, na ile vita ya ngome inayochomwa moto, watu wanachinjwa, mishale, damu, sauti zote za vita zimezimwa, unasikia okestra inaomboleza peke yake. Kisha mlio mmoja wa bunduki unaikata, vurugu zote zinarudi masikioni kwa mkupuo. Hapo mtu anakufundisha kwamba kuondoa sauti nako ni kutunga. India, dairekta Satyajit Ray, kaanza kwa kumtumia Ravi Shankar kwenye Pather Panchali ya 1955, kuanzia 1961 akaamua atunge mwenyewe muziki wa muvi zake.

Popo wa Usiku
Hiyo Ran naiongeza kwenye foleni. Mwenye uzi Herrmann wako aliishiaje?

Fidla Kuukuu
Alikuwa mtu mgomvi, ulimi wembe. Na Hitchcock waliachana 1966 kwenye Torn Curtain, studio inataka kitu chepesi cha kuuza santuri, Herrmann akaleta okestra nzito nzito imejaa matarumbeta na filimbi kumi na mbili, Hitchcock kufika studio kusikiliza akasimamisha kazi pale pale. Muziki ukatupwa, akaitwa John Addison. Hawakufanya kazi tena.

Miaka ya mwisho vijana ndo wakamfuata. Dairekta Scorsese akampa Taxi Driver. Alimaliza kurekodi tarehe 23 Desemba 1975, akarudi hotelini akalala, tarehe 24 hakuamka. Kwenye Oscar za 1977 wakamteua mara mbili kwa mpigo, Taxi Driver na Obsession, baada ya kumsahau miaka 30. Akashindwa zote. Na aliyemshinda ni Jerry Goldsmith kwa The Omen, ambayo kwa Goldsmith nayo ndo Oscar pekee maishani, mtu aliyetunga Planet of the Apes, Alien, na Chinatown ambayo aliitwa dakika za mwisho akaimaliza kwa siku kumi, tarumbeta moja, piano nne, vinubi vinne, nyuzi na ala za kugonga. Piano nne! Nani mwingine angewaza piano nne?

Sinthi na Umeme
Hizi karatasi za nota za zamani zinapatikana wapi? Nataka kuona hiyo ya Chinatown ilivyopangwa.

Mzee wa Tarumbeta
Nyingi zipo vyuoni na kwenye maktaba za studio, baadhi zimechapishwa. Ila usiulize za studio ya MGM. Wale walihitaji nafasi, wakachukua stoo nzima ya karatasi za okestra, miongo ya kazi, wakaenda kuzifukia dampo. Kondakta mmoja Mwingereza, John Wilson, alikuja kuurudisha muziki wa muvi kadhaa za MGM kwa masikio yake, anasikiliza muvi, anarudisha nyuma, anasikiliza, anaandika kila ala imepiga nini, huku kwenye rekodi watu wanaimba na viatu vinagonga sakafu.

Sinthi na Umeme
Kila ala? Mpaka tarumbeta la tatu?

Mzee wa Tarumbeta
Mpaka tarumbeta la tatu.

Popo wa Usiku
Hiyo siyo kazi, hicho ni kifungo.